Kumfuata njiti hadi nyumbani: shajara ya mradi wetu wa Lushoto

Februari 2025

Bodi imekaa, bajeti imepita. Uamuzi mkubwa wa kikao ni kwamba mwaka huu hatuongezi kata hata moja. Tunabaki na zilezile za Lushoto na Bumbuli, ila kila mtoto atakayetoka wodi ya watoto wachanga akiwa na uzito wa chini ya gramu 2,000 atafikiwa na muuguzi nyumbani kwao ndani ya saa 24. Si siku ya tatu wala ya saba. Kesho yake.

Kuna wajumbe waliotaka tushuke Korogwe na Muheza, kwa kuwa wafadhili hupenda kuona ramani ikipanuka. Niliwaeleza ninachokiona kila wiki. Njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, akiwa wodini ana muuguzi, ana mizani, ana oksijeni, na mama yake ana jirani wa kitanda cha pili wa kumwamsha usiku akamue maziwa. Siku anayopewa ruhusa, vyote hivyo vinabaki nyuma. Wanapanda bodaboda au Noah hadi barabara inapoishia, kisha wanapanda mlima kwa miguu. Usiku ule wa kwanza nyumbani hakuna mtu wa afya anayemwona huyo mtoto. Ratiba inamsubiri kliniki siku ya saba. Kichanga wa gramu 1,700 akiacha kunyonya Jumatatu usiku, Jumapili haimkuti.

Niliwawekea mezani pia takwimu za kitaifa, maana zinasema jambo hilohilo. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 unaonyesha kwamba akina mama 81 kati ya 100 sasa wanajifungulia kwenye vituo vya afya, kutoka 63 katika utafiti wa 2015-16. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vimeshuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Lakini vifo vya walio chini ya mwezi mmoja vilikuwa 25, sasa ni 24. Lengo la dunia ni 12 ifikapo 2030. Akina mama wameitika wito, wamekuja hospitali kama walivyoombwa, na kichanga bado hajafaidika vya kutosha. Kuna mahali anatuponyoka, na sehemu mojawapo ni hapo mlangoni pa wodi, anaporudishwa nyumbani akiwa bado mdogo.

Bodi ikakubali. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Machi

Mwezi wa kutafuta pesa. Tangu Marekani ilipositisha misaada yake mwezi Januari, mashirika mengi yanabisha hodi kwenye milango ileile, na kila mfadhili anauliza swali moja: kila shilingi inafikia watoto wangapi?

Mmoja wao amependekeza tupunguze wauguzi, tuchukue watu wa kujitolea vijijini, na idadi ya ziara itaongezeka mara tatu kwa fedha zilezile. Nimemjibu kwa barua ndefu. Naandika kiini chake hapa, kwa sababu swali hili litarudi.

Kazi ya namna hiyo ilishafanywa nchini kwetu. Taasisi ya Afya Ifakara iliendesha mradi wa Mtunze Mtoto Mchanga katika wilaya sita za Lindi na Mtwara. Wanakijiji wa kujitolea walikwenda nyumbani kwa wajawazito na waliojifungua, wakawashauri kuhusu unyonyeshaji, usafi na kumtunzia mtoto joto. Matokeo yalichapishwa 2015. Mambo kadhaa majumbani yalibadilika kuwa bora, na hilo si dogo, lakini vifo vya watoto wachanga havikuonekana kupungua kwa sababu ya ziara zile.

Sasa tazama Gadchiroli, India. Daktari Abhay Bang na mkewe Rani nao waliwatumia wanawake wa vijijini, wengi wao wenye elimu ndogo ya darasani. Tofauti ni kwamba waliwafundisha kumpima mtoto, kutambua maambukizi mwilini, na kumchoma sindano ya antibiotiki hapohapo nyumbani familia isipoweza kwenda hospitali. Matokeo yao ya 1999 yalionyesha vifo vya watoto wachanga vikishuka kwa asilimia 62 ukilinganisha na vijiji ambavyo havikupata huduma hiyo.

Ninavyosoma mimi matokeo hayo mawili, cheti cha mgeni na idadi ya ziara si vitu vya kubishania. La kuuliza ni mgeni huyo anaweza kufanya nini akiwa ndani ya nyumba, na mtoto akiwa hatarini, anaweza kumrudisha hospitali kwa kasi gani. Kwetu Tanzania anayeruhusiwa kufanya mengi ni muuguzi. Basi tutamtuma muuguzi, kwa watoto wachache walio hatarini zaidi. Mfadhili hajajibu bado.

Mfuko wa kila muuguzi umekamilika: mizani ya kidijitali inayoonyesha hata tofauti ya gramu tano, kipimajoto kinachosoma joto la chini, kifaa cha kupima oksijeni kinachofungwa kwenye unyayo wa mtoto, vikombe vidogo vyenye alama za mililita, kofia, soksi, kitenge kimoja safi, sabuni. Na karatasi ya dalili za hatari, ingawa kila muuguzi wetu anazijua kwa moyo. Karatasi ni ya kuachwa ukutani kwa familia.

Aprili

Masika yameshika. Barabara ya kupanda Mtae ina utelezi mbaya, na madereva wanakataa safari za baada ya saa tisa alasiri. Sina cha kuwalaumu.

Kikwazo kikubwa zaidi hakikutokana na mvua. Hospitali moja inayotuletea watoto wengi inatoa ruhusa Ijumaa jioni ili kupunguza msongamano wa mwisho wa wiki, na hakuna anayetupigia simu. Tunakuja kusikia Jumatatu. Wiki kabla ya Pasaka mama mmoja aliondoka hivyo na binti yake wa gramu 1,580. Hakuna aliyemwandika kwenye daftari letu. Jumamosi usiku mtoto aliacha kunyonya, familia ikadhani amelala vizuri maana hakulia, na Jumapili alfajiri alikuwa ameshafariki. Tulifika tukakuta watu wamekaa chini ya mgomba, matanga.

Nimeandika habari hii kwa sababu kila aliyehusika alifanya kazi yake kama alivyoelekezwa. Daktari aliona uzito unapanda siku tatu mfululizo, akatoa ruhusa. Muuguzi wa zamu alimpa mama maelekezo. Mama aliyafuata. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuuliza: huyu anaenda wapi, na nani atamwona kesho? Mtoto njiti hasemi kwamba anaumwa. Hana nguvu ya kulia. Kimya chake ndiyo dalili yenyewe, na hilo huwezi kumwachia mama aligundue peke yake, usiku, kwa mwanga wa simu.

Nimeomba kikao na uongozi wa hospitali hiyo.

Mei

Kikao kimefanyika, na walitupokea kwa heshima. Hawakutaka makaratasi zaidi, na mimi pia sikuyataka. Tumekubaliana kwamba muuguzi wetu mmoja ashiriki mzunguko wa asubuhi wodini siku za kazi. Mtoto akikaribia ruhusa, muuguzi atakaa na mama kitandani, atajitambulisha, na ataandika vitu vitatu: kitongoji, alama ya kufikia nyumba (msikiti, mbuyu, duka la nani), na simu iko kwa nani. Hilo la tatu lina uzito wake. Simu mara nyingi iko kwa mume, na mume yuko shambani au Dar es Salaam na mzigo wa kabichi. Namba ya jirani au ya mwenyekiti wa kitongoji inafaa zaidi. Na ruhusa za Ijumaa zitatolewa asubuhi.

Wiki mbili baadaye tumeona faida yake. Muuguzi alifika nyumba moja upande wa Soni siku iliyofuata ruhusa, akakuta mtoto ana joto la nyuzi 35.3 na hanyonyi, maziwa yanamtoka pembeni mwa mdomo. Akamvua, akamweka kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akawafunika, halafu akapiga 115. Nashukuru mno kwa namba hiyo. Ni ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura unaombeba mama mjamzito, aliyejifungua, na mtoto mchanga bila malipo, na gari linaweza kuwa la wagonjwa au la dereva wa kawaida aliyesajiliwa. Huku milimani, ambako gari la wagonjwa lina wilaya nzima ya kuzunguka, dereva aliyesajiliwa aliye karibu ndiye anayeokoa muda. Mama alisafiri na mtoto akiwa amefungwa kifuani vilevile. Hilo tunalisisitiza kila siku: mtoto asafiri kifuani, asifungwe kwenye mablanketi akakabidhiwa mtu wa kiti cha nyuma. Yalikuwa maambukizi. Alipata dawa, akarudi nyumbani kabla mwezi haujaisha.

Juni

Baridi ya Lushoto imeingia. Wanaotoka pwani hawaamini ukiwaambia kwamba Tanzania kuna mahali ambapo kichanga anaweza kufa kwa baridi, lakini njiti hana mafuta chini ya ngozi ya kumhifadhi, na kila anapopoteza joto anatumia nguvu ambayo ingemjengea mwili. Joto likishuka, ananyonya kidogo. Akinyonya kidogo, joto linashuka zaidi. Usiku wa Juni kwenye nyumba ya tofali mbichi unatosha kumaliza kazi ya wiki tatu za wodini.

Nilikwenda na muuguzi kwenye kitongoji kimoja juu ya Mlalo, kwa mapacha waliotoka hospitali jana yake. Bibi wa nyumba alikuwa barazani anachambua maharage.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Karibuni, lakini watoto hatuwatoi nje na baridi hii."

Ndani, pacha mkubwa alikuwa kifuani kwa mama yake, amefungwa vizuri. Mdogo, gramu 1,640, alikuwa amelazwa kwenye beseni lenye nguo nyingi karibu na mafiga, moto unawaka, moshi umejaa hadi macho yanawasha. Kwa familia huo ulikuwa upendo mtupu: walikuwa wamemweka mdogo mahali penye joto kuliko pote. Kipimajoto kikasoma 36.0. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa wa moto kwa sababu ya jiko, miguu ya baridi kama maji ya kisima.

Muuguzi wetu ana subira ambayo sijui aliipata wapi. Hakusema "mmekosea." Alimwomba bibi aguse nyayo za wale wawili, mkono mmoja kwa kila mmoja. Bibi akagusa, akanyamaza, akamtazama mkwewe. Kuanzia hapo kazi ikawa nyepesi.

Mama peke yake hawezi kubeba wawili usiku na mchana, na huku kuna ng'ombe wa ndani anayesubiri majani. Tukamwita baba. Alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Sasa nesi, mimi mwanamume nitamfunga mtoto kifuani?"

Bibi akadakia kabla yetu: "Kwani kifua chako kina barafu?"

Akavua koti na shati. Muuguzi alimweka mtoto wima katikati ya kifua, uchi ila nepi, kofia na soksi, kichwa kimegeuzwa upande, kidevu kimeinuka kidogo ili njia ya hewa isibanwe. Miguu ikakunjwa kama ya chura, mikono nayo ikakunjwa. Kitenge kikazungushwa kwa kubana, ukingo wake wa juu ukafika chini ya sikio la mtoto, fundo likawekwa kwapani lisimwumize baba akijiegemeza. Kisha shati na koti juu. Tukakaa. Muuguzi akatumia muda huo kumtazama mama akikamua maziwa kwenye kikombe chenye alama, na kumwonyesha jinsi ya kugusisha kikombe kwenye mdomo wa chini mtoto alambe mwenyewe, bila kumwagiwa. Tulipopima tena, kipimajoto kilisoma 36.7. Baba alikisoma mwenyewe kwa sauti, mara mbili.

Makubaliano ya nyumba ile ni kwamba mama abebe mkubwa, na baba abebe mdogo kuanzia jioni hadi alfajiri. Mchana ni zamu ya bibi. Shangazi atakata majani ya ng'ombe. Hakuna aliyeandika mkataba, lakini nimeona mikataba iliyosainiwa ikiheshimiwa pungufu ya huo.

Njia hii ya kumbeba mtoto kifuani ilianzia Bogotá, Colombia, 1978, hospitali ilipokosa mashine za kutosha za kutunzia watoto joto, na kwa miaka mingi wengi waliiona kama huduma ya kuwafariji maskini. Si hivyo tena. Utafiti mkubwa uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali tano, Muhimbili ikiwemo, pamoja na za Ghana, India, Malawi na Nigeria, ulichapishwa 2021. Watoto wa gramu 1,000 hadi 1,799 walioanza kubebwa mara tu baada ya kuzaliwa walikufa pungufu kwa asilimia 25 kuliko waliosubiri kwanza hali itulie. Tangu 2022 shirika hilo linapendekeza mtoto abebwe saa 8 hadi 24 kwa siku, na hapohapo linapendekeza familia za watoto wa uzito mdogo zitembelewe nyumbani na wahudumu waliofunzwa. Mapendekezo haya mawili nayaona ni moja. Saa hizo nyingi hazipatikani bila nyumba nzima kujipanga, na nyumba haijipangi kwa maelekezo ya dakika tano pale dirishani pa dawa.

Julai

Matone ya madini chuma yameadimika. Njiti huzaliwa kabla ya kupokea akiba yake ya chuma kwa mama, hivyo anahitaji nyongeza tangu wiki ya pili hivi hadi miezi sita. Tumenunua kidogo Tanga mjini. Haitoshi, nimeandika maombi mawili.

Mizani zote zimehakikiwa. Ziko sawa.

Agosti

Muuguzi wetu mmoja wa upande wa Bumbuli ameitwa kazini serikalini. Amekuja kuniaga machozi yanamlenga, akidhani nitakasirika. Nimemwambia aende kwa moyo mweupe. Kituo cha afya anachopangiwa kina wodi ya wazazi, na atakayekuwa zamu usiku pale sasa ni mtu anayejua mtoto akitoka anakutana na nini nyumbani. Huko si kumpoteza. Ila pengo ni pengo, na wenzake wamegawana nyumba zake kwa mwezi mzima bila mtu kunung'unika.

Nataka pia niandike kuhusu madereva wetu wa bodaboda, kwa kuwa hawatajwi kwenye ripoti yoyote. Tumekuwa na walewale kwa muda mrefu. Wanajua nyumba, wanajua mbwa wa kila nyumba, na wamehudhuria mafunzo ya dalili za hatari pamoja na wauguzi. Mwezi huu mmoja wao alipita njia akakutana na bibi amembeba mjukuu mgongoni, akasimama kumsalimia, akaona mtoto anapumua kwa kasi na kifua kinabonyea. Hakusubiri muuguzi. Alipiga 115 mwenyewe, kisha akanipigia mimi. Posho yao nimeiombea nyongeza, na nitaipigania.

Yule mfadhili wa Machi amejibu. Amekubali kutufadhili kwa utaratibu wetu, kwa sharti kwamba tumwonyeshe matokeo kwa namna nyingine badala ya idadi ya ziara. Ni sharti la haki. Nimependekeza mambo matatu: watoto waliofikiwa ndani ya saa 24 kati ya wote waliopewa ruhusa, uzito wa kila mmoja akitimiza siku 28, na nani kati yao yuko hai akifikisha miezi sita. Mtoto aliyefariki ataandikwa kwa jina kwenye daftari letu la ndani, na habari zake zitajadiliwa na timu yote, hospitali ikialikwa. Si kwa kutafuta wa kulaumiwa. Ni kwa kutafuta siku ambayo angeweza kuonwa na hakuonwa.

Septemba

Kikao na timu ya afya ya wilaya. Serikali ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliofunzwa na wanaolipwa, na hilo linabadilisha mengi kwetu. Kuna waliodhani nitaogopa ushindani. Mimi nimelisubiri kwa hamu. Mhudumu wa jamii anaishi kitongojini, anaweza kupita kila jioni, jambo ambalo muuguzi wetu hawezi. Nilichoomba ni mgawanyo ulio wazi: ziara ya kwanza baada ya ruhusa, na nyingine yoyote ambayo mtoto hajaongezeka uzito, iwe ya muuguzi. Katikati ya hizo, mhudumu wa jamii apite kugusa nyayo, kuangalia mtoto anavyonyonya, na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Zikifika 60 au zaidi, apige simu bila kumwomba mtu ruhusa.

Mratibu wa afya ya uzazi na mtoto aliuliza kama tutakubali kuwafundisha wahudumu hao wodini, mikononi mwao kuwe na mtoto halisi badala ya mwanasesere. Ndiyo, na tutaanza na wale wa Mlalo na Mtae kabla ya vuli, wakati barabara bado inapitika.

Muuguzi mpya wa Bumbuli anaripoti tarehe mosi. Wiki yake ya kwanza yote atakaa wodini, ya pili atafuatana na mwenzake milimani, na ndipo atakabidhiwa mfuko. Matone ya chuma ya miezi mitatu yamefika. Bado natafuta mizani mbili na pesa za mafuta ya Novemba na Desemba.